Pindo

Nguo haimsingizii mtu.
Nilipolipiga pini gauni la kipaimara la Nabintu
upande wa kushoto uligusa goti,
wa kulia ukabaki juu, kama anayeuliza swali.
Nikafumua. Nikapima upya. Nikalaumu utepe,
nikalaumu taa ya duka, na baridi hii ya Erie
inayoganda vidoleni hata ndani ya glavu.
Kisha nikamwambia: inama, mwanangu.
Mgongo ukapanda upande mmoja
kama andazi lililoumuka vibaya.
Mawazo, mama yake, alinitazama.
Nilikuwa na pini mdomoni.
Ndiyo sababu sikusema kitu.

Daktari wa Pittsburgh akasema: nyuzi hamsini na nane.
Nyuzi ninazozijua mimi ni za kushonea.
Hizi zilikuwa za kupinda, na zilikuwa zinaongezeka.
Apasuliwe kabla ya kiangazi, alisema,
la sivyo pafu litakosa pa kujinyoosha.

Lakini bima ilikwisha katika Novemba.
Barua ya kuihuisha ilipelekwa nyumba ya zamani,
ile waliyoihama kwa sababu ya panya,
ikalala kwenye sanduku la chuma hadi theluji ikalifunika.
Na Wilondja, baba mtu, alikuwa ameongeza zamu kiwandani,
usiku plastiki, mchana usingizi wa kuiba,
na zamu hizo zikamvusha mstari wa umaskini
kwa dola arobaini na moja.
Arobaini na moja!
Ukiwa maskini huku, uwe maskini kwa hesabu kamili.

Nikapiga simu. Nikailaza kando ya cherehani
ikaimba muziki wake wa kusubiri.
Nilipunguza suruali tatu, nikabadili zipu ya koti,
sauti ikatokea, ikauliza tarehe ya kuzaliwa, ikakata.
Siku ya tisa nilimpata Loretta, mwenye mafua.
Alipiga chafya, akasema kuna fomu ya rufaa,
ukurasa wa nne, kisanduku ambacho watu hukiruka.
Hatukukiruka.

Bima ingelipa kisu. Nani angelipa safari,
chumba cha kulala, mishahara ya wiki tatu?
Kanisani wakasema: tupeni picha.
Watu hutoa wakiona.
Mgongo ule, bila shati, ungejaza kapu Jumapili moja.
Mawazo akafunga kitabu cha nyimbo.
"Mgongo wa mwanangu si bango."
Nilimkasirikia. Naliandika hilo pia.
Nikamwambia heshima hailipi hoteli.
Akasema: "Wewe uliuona ukimshonea.
Wao wauone wakifanya nini?"

Basi tukachanga kimyakimya, kwenye daftari la shule.
Mzee Byamungu, dola sita.
Wasichana wa dobi la hoteli, sarafu ndani ya soksi.
Bwana Kowalczyk wa ghorofa ya chini,
matairi manne ya theluji, na petroli ya kwenda na kurudi;
hakutaka jina lake liandikwe. Nimeliandika.

Aprili, saa saba na robo za upasuaji.
Wilondja alisinzia kitini na viatu vya kiwandani.
Mawazo hakuketi.
Mimi nilikuwa na sindano mkobani, sina cha kushona.

Juni Nabintu aliingia dukani
akitembea kama aliyebeba trei ya mayai.
Amerefuka inchi mbili kwa siku moja, anajisifu.
Gauni limekuwa fupi,
fupi sawasawa, pande zote.
Nikafumua pindo, nikalishusha,
nikabakiza kitambaa vidole vitatu kwa ndani.
Atakua tena.

Daftari analo Mawazo. Anarudisha, jina kwa jina,
ingawa hakuna aliyemdai.
Mzee Byamungu alizikataa sita zake mara mbili.
Jana ameniletea koti lake nibadili bitana.
Mawazo amenipa noti, hakusema neno.
Nimezishonea ndani, karibu na kwapa.
Siku atakaposikia kitu kikichakarisha
ajue.